Hasara Ndogo

Walifika Ijumaa jioni, wanane,
makoti mazito kama wanaokwenda barafuni.
Kapsokwony iliwapokea kwa matope.
Meja mstaafu Otiato alishuka kwanza,
akauliza choo, kisha akauliza mlima uko wapi.
Nikamwonyesha ukungu.

Mimi nilikodiwa kutafsiri,
elfu moja kwa siku, chai juu yao:
Kiswahili chao nikigeuze Kisabaot
kwa wazee wa safu ya mbele,
ambao Kiswahili wanakijua sana
ila hupenda kusikia jambo mara mbili
kabla ya kulikubali.

Jumamosi ilikuwa ya Burma.
Ukutani, kwenye shuka la kasisi,
mto ulipita, mishale myekundu ikauvuka.
"Hapa Keya. Hapa Wajapani."
Nikatafsiri mto. Nikatafsiri mishale.
Nyumbu waliobeba mizinga nikawaita punda
na mzee Naibei akanikatiza:
nyumbu ni nyumbu,
baba yake alimzika mmoja kule
akamlilia kuliko afisa.

Mvua ikatua juu ya mabati.
Tukakaa nusu saa bila vita,
tukimenya viazi vya moto.

Mama mmoja alileta medali ya mkwewe.
Miaka thelathini ilikuwa komeo la banda la kuku,
tundu la msumari katikati ya uso wa mfalme.
Meja aliishika kwa vidole viwili,
akasema bado ina thamani.
"Hatukupoteza kuku hata mmoja," akajibu mama.
Hilo sikulitafsiri. Lilifika lenyewe.

Jumapili, baada ya ibada,
Meja alisoma ripoti ya zamani, sauti ya gwaride:
"Tulivuka alfajiri. Hasara ndogo."

Ulimi wangu ukasimama.
Nina neno la ndama aliyetumbukia korongoni,
nina neno la mahindi yaliyomalizwa na tumbili,
na la mtu ninalo.
La mtu, lenye udogo ndani yake, sikulipata.
Nikasema: "Kuna waliokufa."
Wazee wakauliza: "Wangapi?"
Meja akageuza karatasi, akaigeuza tena.
"Haijaandikwa."

Ndipo Chepkwemoi,
aliyesimama mlangoni na birika tangu Ijumaa,
akainua mkono wenye kitambaa.
Aliuliza kwa Kiswahili, mimi nikose kazi:
"Ratiba yenu imeishia arobaini na tano.
Vita vingine vilipanda huku juu
tukiwa na simu mfukoni.
Wa msituni walikuja usiku,
wa malori walikuja mchana,
na mume wangu sijui alichukuliwa saa ngapi,
nilikuwa nimeenda kuteka maji.
Hivyo mtavisoma lini?"

Jenereta ilikohoa nje.
Mtoto akacheka peke yake, akanyamazishwa.
Hakuna aliyemuuliza Meja mwaka ule alikuwa wapi,
lakini alijibu:
"Lanet. Stoo. Nilikuwa nikihesabu mablanketi."
"Yalitimia?"
"Yalipungua kumi na manne. Tuliandika barua."

Chepkwemoi alitikisa kichwa polepole,
kama mtu aliyeambiwa bei.
"Basi mablanketi yana hesabu," akasema,
akaanza kumimina, safu ya mbele kwanza,
na alipofika kwa Meja akajaza kikombe
hadi ukingoni, asimwage tone.

Nililipwa elfu mbili, noti mpya.
Basi lao likateremka kuelekea Kimilili
na shuka likarudi kitandani kwa kasisi.

Usiku nilimuuliza mama,
maana lugha aliyonipa ni yake:
tunasemaje, "hasara ndogo," ya watu?
Alikuwa akisuka vitunguu kwa mafungu ya kesho.
Hakuinua macho.
"Aliyekutuma kulitafuta hilo neno," akasema,
"ana watoto?"